Perege na Chakula Chake

Msomaji, ukitoka mji wa Kilifi ukaiacha bahari nyuma yako, ukashika njia ya bara ipitayo Ganze, utafika Vitengeni. Huko hewa ya chumvi imekwisha. Ardhi ni kavu, mvua ni ya kubahatisha, na maji ya watu na mifugo hukingwa katika malambo ambayo mwaka mmoja hufurika na mwaka wa pili hubaki tope lililopasukapasuka. Samaki afikaye katika masoko ya nchi kama hiyo aghalabu ni samaki mkavu: ng'onda wa pwani, au dagaa waliosafirishwa kutoka Ziwa Viktoria, upande wa pili wa Kenya.

Mtu akaaye mahali kama hapo akiambiwa kwamba samaki aweza kufugwa karibu na nyumba kama kuku, hapana ajabu akifurahi. Ataulizia maji, kisha ataulizia vifaranga vya samaki vyapatikana wapi. Swali la chakula huja mwisho, na pengine haliji kabisa, maana watu wengi hudhani kwamba kiumbe akaaye majini hulishwa na maji. Habari nitakayokusimulia yahusu swali hilo la mwisho. Historia ya ufugaji wa perege katika Afrika yetu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliochelewa kuliuliza.

Kwanza yafaa umjue samaki mwenyewe. Perege ndilo jina lake katika sehemu nyingi za Uswahilini. Watu wa kando ya Ziwa Viktoria upande wa Tanzania humwita sato, na Waluo humwita ngege. Wataalamu walilipokea jina la tilapia, alilolibuni Mskoti Andrew Smith mwaka 1840 kutokana na neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Aina zake ni nyingi. Mmoja ni mwenyeji wa Mto Sabaki, mto uingiao baharini karibu na Malindi, kaskazini ya Vitengeni. Vitabuni aitwa Oreochromis spilurus, naye ni mvumilivu wa chumvi hata amefugwa kwa maji ya bahari katika nchi za Ghuba. Aliyeenea zaidi katika mabwawa ya wafugaji ni perege wa Mto Nili, Oreochromis niloticus. Wamisri wa kale walimchora samaki wa ukoo huu katika kuta za makaburi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Perege ana tabia tatu zilizompendeza mfugaji tangu zamani. Huvumilia maji mazito yaliyopungukiwa na hewa; huzaa bila kubembelezwa; wala hachagui chakula. Tabia hizi mbili za mwisho ndizo zilizowaponza waliomfuga.

Katika Kenya majaribio ya kumfuga yalianza mwaka 1924. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa imejishughulisha na trauti, samaki wa maji baridi aliyeletwa kutoka ng'ambo ili mabwana wapate mchezo wa ndoana katika mito ya milimani. Perege hakuwa samaki wa mchezo. Alikuwa chakula cha wenyeji, na kwa hiyo hakuharakishiwa. Mwaka 1948 ndipo kilipojengwa kituo cha Sagana, chini ya Mlima Kenya, kwa ajili ya samaki wa maji ya joto. Wakati uo huo Wabelgiji nao walikuwa wakifanya uchunguzi katika Katanga, katika kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi leo. Na kabla ya uhuru wa Kongo mwaka 1960 mabwawa yaliyochimbwa katika nchi ile yalikuwa yamepita 100,000.

Huenda ukauliza, haraka hiyo ilitoka wapi? Ilitoka hospitalini. Daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, aliyekuwa akitibu watoto katika Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, aliona watoto waliovimba miguu na tumbo, ngozi ikabambuka, nywele zikageuka rangi. Wenyeji walikuwa na jina la ugonjwa huo: kwashiakoo, maradhi yampatayo mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuzaliwa mdogo wake. Williams alilitangaza jina hilo kwa waganga wa dunia mwaka 1935. Mwaka 1952 Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya Chakula na ya Afya yalichapisha taarifa ya Brock na Autret juu ya ugonjwa huo katika Afrika, na tangu hapo wakubwa wakasadiki kwamba upungufu mkubwa wa bara hili ni upungufu wa protini. Bwawa la samaki likaonekana kuwa dawa. Mwafrika achimbe shimo, alijaze maji, atie samaki, na protini itatoka.

Hebu tusimame kidogo juu ya neno hilo. Mholanzi Mulder ndiye aliyelitumia katika maandishi mwaka 1838, akilitoa katika lugha ya Kiyunani kwa maana ya kitu kishikacho nafasi ya kwanza. Nyama ya mwili hujengwa kwa protini, na protini yenyewe ni kama ushanga uliotungwa kwa punje za namna ishirini. Punje hizo huitwa asidi za amino. Baadhi yake mwili waweza kujitengenezea. Lakini namna kumi samaki hana budi kuzipata katika chakula chake zikiwa tayari. Ikikosekana moja tu, utungaji husimama, hata kama punje nyingine zimejaa kikapu. Mahindi yamepungukiwa na punje iitwayo laisini. Ndiyo sababu sima tupu haimkuzi mtoto, na ndiyo sababu pumba tupu za mahindi hazimkuzi perege. Mtoto wa Vitengeni na samaki wa bwawani wana haja moja.

Sasa waona kosa lilipoingia. Bwawa lilihesabiwa kuwa kiwanda cha kufanyiza protini, kumbe samaki hafanyizi protini. Huipokea, huibomoa, akaijenga upya katika mwili wake, na katika kazi hiyo hupoteza nyingi. Protini ya kwanza hutoka kwa mimea, kwa vijidudu, au kwa samaki wengine. Mtu aliyechimba bwawa asijue ni nani katika hao atakayemlisha samaki wake, alikuwa amejenga ghala lisilo na shamba.

Lakini tusiwahukumu wazee wetu bila haki. Katika bwawa lenye jua na samadi pana chakula kisichoonekana kwa macho: mwani mdogo mdogo ugeuzao maji rangi ya kijani, na vijidudu viulao mwani huo. Chakula hiki kina protini nyingi na nzuri. Kwa muda mrefu wataalamu walishindana kama perege aweza kweli kuumeng'enya mwani, kwa kuwa kila chembe yake imefungwa katika ganda gumu. Jibu lilipatikana Uganda. Mwaka 1973 mtaalamu aitwaye Moriarty, aliyewachunguza perege wa Ziwa George, alieleza kwamba tumbo la samaki huyu likishaanza kazi ya mchana hutoa asidi kali mno, kali kuliko siki au maji ya ndimu, na asidi hiyo ndiyo ibomoayo ganda la mwani. Nami nasema hapa, kando kidogo ya habari yetu, kwamba yapendeza kuona siri ya samaki wa Afrika ikifumbuliwa katika ziwa la Afrika.

Basi kwa miezi ya kwanza bwawa la mkulima lilikwenda vizuri. Samaki walikuwa wachache, mwani ulikuwa mwingi, na kiganja cha pumba kilichotupwa jioni kiliongeza nguvu. Kisha perege wakazaa. Jike huatamia mayai kinywani mwake, na vifaranga vikitoka hukimbilia kinywani hatari ikija, hivyo wengi huokoka. Tena samaki mwenye njaa hukomaa mapema, akazaa akiwa mdogo. Chakula kilichowatosha samaki mia sasa kiligawanywa kwa maelfu. Kila mmoja alipata protini ya kumtia uhai, asipate ya kukua. Mwenye bwawa alipotoa maji alikuta samaki wa urefu wa kidole, miiba mitupu. Serikali ya Kenya ilikuwa imehimiza watu wale samaki zaidi katika miaka ya 1960, na mabwawa yakaenea upesi upande wa kati na wa magharibi ya nchi. Kufika miaka ya 1970 mengi yalikuwa yameachwa, yakaota majani. Watu walisema perege ni samaki mbaya. Samaki hakuwa na hatia. Alikuwa na njaa.

Wataalamu wa siku hizo waliuona msongamano kabla ya kuiona njaa, kwa hiyo walitafuta dawa ya uzazi. Kisa chake chapita karibu na kwetu, basi nitakieleza kwa ufupi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 perege wa pwani ya Msumbiji walionekana katika kisiwa cha Java, wala hapana ajuaye walifikaje huko. Wakaenea Asia yote ya kusini. Mwingereza Hickling, akifanya kazi Malacca katika Malaya, aliwachukua majike wa samaki hao akawakutanisha na madume walioletwa kutoka Unguja, ambao asili yao ilikuwa Mto Wami wa Tanganyika. Watoto waliozaliwa walikuwa madume watupu. Alitangaza habari hiyo mwaka 1960. Madume hukua upesi kuliko majike, na bwawa la madume halizai. Kwa hiyo njia hiyo, na nyingine zilizoifuata, zilileta nafuu kubwa. Hata hivyo dume asiye na chakula hakui, awe wa Unguja au wa Malacca.

Swali la chakula liliulizwa kwa dhati pale samaki walipotolewa katika tope wakatiwa katika tangi. Hapa turudi pwani yetu. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 kikaichimba miamba ya matumbawe mpaka ikabaki jangwa jeupe, ambalo chini yake maji ya chumvi chumvi yalikuwa karibu. Mswisi René Haller, bwana shamba aliyefika hapo mwaka 1959, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kulirudishia jangwa hilo uhai. Alipanda mivinje, iliyostahimili ugumu wa mahali pale. Majani yake makavu hayakuoza, mpaka alipoleta majongoo wakayatafuna wakayageuza kuwa udongo. Katika machimbo hayohayo alifuga perege katika matangi ya saruji yenye maji yapitayo.

Tafakari, msomaji, tofauti ya tangi na bwawa. Katika tangi lenye maji yaendayo mwani hauna nafasi ya kukaa, na chini hapana tope lenye vijidudu. Samaki hapati kitu ila kile anachotupiwa. Chakula kikipungukiwa na protini, kasoro yaonekana katika mizani baada ya wiki chache, wala hapana jinsi ya kuisingizia mvua. Bamburi iliwafundisha wafugaji kwamba perege aweza kusongwa kwa wingi mkubwa akakua, iwapo chakula chake ni kamili. Na ikawafundisha pia gharama ya ukamilifu huo. Kazi hiyo ilisomwa sana nje ya Kenya. John Balarin, aliyekuwa mfanyakazi wa shamba lile, alitoa kitabu juu ya perege mwaka 1979 pamoja na Hatton katika Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, na mwaka 1982 yeye na Haller waliandika juu ya ufugaji wa matangi.

Mwaka huohuo wa 1982, katika Stirling hiyohiyo, Kim Jauncey alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya perege wachanga wa Msumbiji. Njia yake ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kutenda. Samaki wa umri mmoja hugawanywa katika matangi sawa. Kila tangi hupewa chakula kilichopikwa kwa nguvu zilezile, ila protini hupandishwa hatua kwa hatua kutoka karibu na bure hadi zaidi ya nusu ya chakula. Kisha samaki hupimwa. Ukuaji hupanda pamoja na protini mpaka mahali fulani, halafu hauendelei tena. Kwa samaki wa Jauncey mahali hapo palikuwa sehemu 40 katika mia. Miaka mitatu mbele, Mazid na wenzake walikuwa wamepata sehemu 35 kwa aina nyingine, Tilapia zillii.

Uchunguzi mwingi umefuata tangu hapo, na kwa perege wa Nili hesabu zimekubaliana vya kutosha. Kifaranga kichanga hutaka chakula chenye protini ya asilimia 40 mpaka 50. Akifika gramu chache, asilimia 35 mpaka 40 zamtosha. Samaki wa kukuzwa hadi mezani hupewa asilimia 30 hivi, na mkubwa zaidi hata 25. Jike wa kuzalisha hurudishiwa kiasi cha juu, kwa kuwa mayai ni protini. Kama wewe ni mfugaji wa kuku utashangaa, maana kuku wa nyama hukuzwa kwa asilimia 20 hivi. Si kwamba perege ni mlafi. Kuku huchoma chakula kingi kuutia mwili joto. Samaki mwili wake hufuata joto la maji, maji yenyewe humbeba, na taka za protini huzitoa kwa matamvua yake pasipo kazi kubwa. Haja yake ya nguvu ni ndogo, kwa hiyo katika sahani yake ndogo sehemu ya kujenga mwili huonekana kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo mfugaji wa nchi kavu hapaswi kulisahau. Protini ikizidi haja, samaki haiweki akiba. Huichoma kama kuni, na takataka yake ni amonia, sumu imrudiayo majini. Tena chakula kikikosa wanga na mafuta ya kutosha, samaki huichoma protini hata ile ambayo angeijengea mwili. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliwakemea wataalamu wa lishe kwa kosa kama hili katika watoto: walikuwa wakihimiza protini, huku mtoto hana chakula cha kutosha cha aina yoyote, na mwili wenye njaa huichoma protini kwanza. Pumba si takataka basi. Ndizo kuni ziachazo nyama ijengwe.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu husema wazi. Tuseme kijana wa Vitengeni ataka kuchanganya chakula cha asilimia 30 kwa vitu viwili: pumba za mahindi zenye protini ya asilimia 12, na dagaa wakavu waliosagwa wenye asilimia 60. Atatoa 12 katika 30, apate 18. Ndizo sehemu za dagaa. Atatoa 30 katika 60, apate 30. Ndizo sehemu za pumba. Kwa hiyo kilo 18 za dagaa na kilo 30 za pumba zitampa kilo 48 za chakula, zenye kilo 14.4 za protini. Akiwa mwangalifu, chakula hicho chaweza kumkuzia kilo 30 za perege. Mwili mzima wa perege una protini ya asilimia 16 hivi. Basi katika kilo 30 hizo mna kilo 4.8. Ameingiza 14.4 akatoa 4.8, theluthi moja. Theluthi mbili zimekwenda na maji.

Na hilo si zito kuliko hili: kilo 18 za dagaa wakavu zilikuwa zaidi ya kilo 50 walipovuliwa wabichi. Kijana wetu ametumia samaki kilo 50 na ushei kupata samaki kilo 30. Dagaa hao wangeliwa na watu. Ndio samaki wa mtu mwenye fedha kidogo, huuzwa kwa kipimo cha kopo, na mama mwenye watoto wengi huweza kutia kiganja kimoja katika mchuzi wa nyumba nzima. Nchi zilizotafuta mabwawa ili kuondoa kwashiakoo zilijikuta zikimnunulia perege chakula cha mtoto. Mimi naona hilo ndilo fumbo kubwa la habari hii yote, wala halijafumbuliwa hata sasa. Viwanda vya chakula cha mifugo na akina mama wa sokoni bado huwania dagaa walewale wa Ziwa Viktoria.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa kuuchangamsha uchumi, na samaki wakawamo. Katika majimbo ya uchaguzi 140 yaliagizwa mabwawa 200 kila jimbo, kila bwawa mita za mraba 300, na vifaranga 1,000 kwa bwawa. Mavuno ya samaki wa kufugwa yalipanda hata kufika tani 24,000 hivi mwaka 2014. Mwaka 2016 yalikuwa yameshuka karibu na tani 15,000. Sababu ni nyingi, na ukosefu wa maji ni mojawapo. Lakini chakula ndicho huchukua zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, na msaada wa chakula ulipokoma wengi hawakuweza kukinunua. Shimo ni rahisi kuchimba kwa fedha za serikali. Kinachotiwa ndani kila asubuhi kwa miezi minane ni shida nyingine.

Katika Sagana, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, wachunguzi wa Kenya pamoja na wenzao wa Marekani walilishughulikia jambo hili kwa njia ya mkulima mwenyewe. Waliyatia mabwawa mbolea mpaka maji yakawa kijani, ndipo wakaongeza pumba. Hesabu yao ni ya busara: mwani umpe samaki protini, pumba zimpe nguvu, na kitu cha ghali kinunuliwe kidogo. Perege wa namna hiyo hawakui upesi kama wale wa chakula kamili, ila faida haipimwi kwa kilo peke yake.

Hesabu hiyo ikihamishiwa Vitengeni hukutana na lambo. Bwawa la Sagana lina mto nyuma yake. Lambo la Vitengeni ni maji ya watu na mbuzi. Huwezi kulitia samadi ili maji yawe kijani, kisha ukawaambia majirani wachote. Anayetaka kufuga hana budi kuwa na bwawa lake kando, dogo, pengine lililotandikwa karatasi ya nailoni ili mchanga usiyanywe maji. Bwawa dogo lisilobadilishwa maji hulewa amonia upesi. Kwa hiyo mtu wa nchi kavu yu kati ya mambo mawili: akitegemea mwani peke yake samaki watachelewa, na lambo lake litakauka kabla hawajafikia uzito, akimwaga chakula chenye protini nyingi maji yatawaua. Joto la pwani humsaidia, kwani perege hula na kukua vizuri katika maji ya joto la digrii 25 mpaka 30, ambapo wenzake wa milimani wana samaki wasinziao kwa baridi.

Vitu vya kuchanganya vimo karibu, ila kila kimoja chataka kujuliwa. Mhogo wenyewe una protini kidogo mno, asilimia 2 au 3 ukiwa mkavu, lakini majani yake yakianikwa yakakauka yana 20 na zaidi. Yaanikwe vema, maana mabichi yana sumu ya sianidi, kama ajuavyo kila mpishi wa kisamvu. Mashudu ya nazi yana 20 hivi na nyuzi nyingi. Mashudu ya pamba yana zaidi, lakini pamba nayo ina sumu yake, hivyo hayatiwi kwa wingi. Mashudu ya alizeti na soya yaliyochemshwa ni bora, kama bei yaruhusu. Mahindi na mashudu yaliyoota ukungu yatupwe, hata kama moyo wauma.

Kuna pia mdudu. Wachunguzi wa Kituo cha Kimataifa cha Wadudu, ICIPE, kilichoko Nairobi, wamemfuga nzi mmoja mweusi asiyeingia majikoni wala kuumwa naye mtu. Funza wake hula maganda na mabaki ya jikoni, na akikaushwa ana protini ya asilimia 40 hivi. Mwaka 2017 Kenya iliweka kanuni ya kuruhusu wadudu wakavu katika chakula cha mifugo. Baadhi ya watu huchukizwa. Lakini kuku wa kienyeji hajapata kuulizwa anachoparua jaani, wala mlaji wake hajapata kukataa sahani.

Kijana wetu akichanganya hivi, nusu ya dagaa wake yaweza kupungua, pengine zaidi. Hawezi kuwaondoa wote mara moja, hasa vifaranga vikiwa vichanga, maana hapo ushanga hauna budi kuwa na punje zote kumi. Kwa hiyo bado siku ya soko atatoka na mfuko wake, atapita penye mahindi na penye mhogo, akafike palipotandazwa dagaa. Mbele yake amesimama mama mwenye mtoto mgongoni, akiuliza bei ya kopo moja. Naye atangoja zamu yake.